Ramani Uliyonionyesha Dukani

Sumbawanga, Jumapili alasiri

Mwanangu Leokadia,

Umekwenda Kaengesa kumuaga bibi yako, na mama yako yuko jikoni anakaanga karanga zako za njiani. Nimeingia dukani, hapa chumba cha mbele, nikafunga mlango kwa ndani ili watu wasidhani tunauza leo. Kesho asubuhi unapanda basi la Dar. Mambo ya blanketi, ya kutomwachia mtu mkoba wako mkisimama Tunduma, ya kupiga simu ukifika, mama yako ameshakwambia na atakwambia tena. Mimi nayaacha. Nataka kukujibu neno moja uliloniambia wiki iliyopita, nikashindwa kulijibu palepale.

Ulikuwa umeegemea mashine ya fotokopi, ukanipa simu yako nitazame. Ilikuwa ramani ya Tanzania, kila mkoa umepakwa rangi kwa kadiri ya majina ya tovuti yaliyosajiliwa huko. Dar es Salaam ilikuwa bluu iliyokolea hadi kukaribia weusi. Arusha, Mwanza na Dodoma zilifuata, zikiwa zimepauka kidogo. Halafu ukashusha kidole hadi kwetu huku, ukagusa Rukwa. Ilikuwa karibu nyeupe kabisa. Ukasema taratibu, wala si kwa dharau, "Baba, sisi hatupo."

Nikacheka, nikasema kuna mteja ananisubiri. Hakukuwa na mteja.

Sikuudhika, mwanangu. Kilichonikaa moyoni ni kwamba kesho unakwenda kuajiriwa na watu wanaosajili majina hayohayo. Mtu akitaka jina la tovuti, ombi lake litapita mezani kwako, nawe utakuwa mmoja wa wanaoipaka rangi ramani ile. Kwa hiyo kabla hujaondoka nakueleza ninachokijua kuhusu ule weupe.

Naanza na mimi. Unajua kwamba niliwahi kukaa Dar es Salaam nikiwa kijana, kwenye duka la vifaa vya umeme, lakini sijawahi kukusimulia nilivyokaa. Watu wa kule wakikutana nawe huuliza kwenu wapi. Nikisema Sumbawanga, walikuwa wanarudi nyuma kwa utani, wananiuliza kama nimekuja na radi yangu mfukoni, maana kwetu tunasifika kwa uchawi wa radi. Mwanzoni nilicheka nao. Baadaye nikachoka, nikaanza kusema natoka Mbeya. Nilidhani nimejipunguzia usumbufu. Kumbe kudanganya kitu kidogo kila siku kunachosha kuliko kubeba mizigo.

Siku moja akaingia mzee mmoja, amepotea, anatafuta nyumba ya mwanawe. Alikuwa ametoka Matai, huku kwetu Rukwa. Tajiri wangu akaniita, akasema, "Wewe wa Mbeya, huyu si jirani yenu?" Mzee aliposikia ninavyotamka maneno alitabasamu, akanisalimu kwa Kifipa. Nami nikamjibu kwa Kiswahili, kama vile sikuelewa. Alinitazama kidogo, akashukuru, akatoka. Sijui kama alimpata mwanawe. Sikukaa sana baada ya hapo, nikarudi nyumbani. Nilipoulizwa sababu nilisema joto la Dar lilinishinda.

Niliporudi nikafungua duka hili. Nilidhani kazi yangu itakuwa kuchapa barua na kutoa nakala za vyeti. Kisha intaneti ikafika, na watu wakaanza kuniuliza habari za tovuti. Mwenye nyumba moja ya wageni kule Kasanga, ziwani, alitaka watalii wamwone. Shule moja ilitaka wazazi wasome matangazo yake. Mimi sikuwa na kibali cha kusajili majina. Mawakala niliowajua wote walikuwa Dar, kwa hiyo nilimpigia mmoja wao, namtajia jina, naye analisajili. Palipoulizwa mmiliki aliandika jina lake mwenyewe, anwani ya ofisi yake na mkoa wake. Hakuwa mwizi. Alikuwa na haraka, akisema kuandika habari za kila mteja wa mikoani kunamchelewesha, nami sikumbishia.

Ndiyo maana ile nyumba ya wageni ya Kasanga, ambayo ukikaa barazani mwake siku isiyo na ukungu unaiona milima ya Kongo, kwenye hesabu za nchi iko Dar es Salaam. Na shule ile iko Dar es Salaam. Ramani yako haikuonyesha watu wanaishi wapi. Ilionyesha aliyekuwa anajaza fomu alikuwa amekaa wapi.

Nisingelifikiria hilo maisha yangu yote kama asingekuja Minza.

Wewe unamjua kama Mama Asali, mama wa Kisukuma anayekuletea nta ya kupaka midomo wakati wa baridi. Siku alipoingia dukani mara ya kwanza ulikuwa bweni, kidato cha pili. Alikuwa amevaa buti za mpira zenye matope na kitenge kizuri sana juu yake, na alisimama mlangoni mpaka nilipomkaribisha. Mume wake ndiye aliyewaleta huku, yeye na watoto na ng'ombe, kutoka upande wa Shinyanga. Walipewa ardhi kijiji kimoja mbele ya Kaengesa, na mume akafia hapo. Wanawe walianza kutundika mizinga kwenye miteremko ya Lyamba lya Mfipa, kule uwanda unapokatika kuelekea bondeni. Asali yao ilikuwa nzuri. Mwenye duka mmoja Mbeya alikuwa akiichukua, akamshauri atafute jina lake kwenye mtandao, liandikwe na kwenye chupa, ili mtu akiipenda ajue pa kuitafuta tena.

Nikamuuliza anataka jina gani. Akasema Asali ya Ufipa.

Nilijua jina hilo, la nchi ya Wafipa, litawasha moto. Nikamuuliza kama hataki jina lake mwenyewe, Asali ya Minza, kwa mfano. Akanijibu kwamba mnunuzi hamjui Minza. Anachotaka kujua ni nyuki walikula maua ya wapi.

Nikalitafuta jina hilo kwenye kompyuta. Lilikuwa halina mtu. Nikamweleza kuwa nitampigia kijana wangu wa Dar, yule wakala, alisajili, na kwa sababu alikuwa mama anayeuliza kila kitu, akauliza wataandika nini hapo palipo na mmiliki. Nilipomwambia, akavuta kiti akakaa.

"Andika jina langu," akasema. "Na mkoa andika Rukwa."

Nikasema hayo ni mambo ya karatasi tu, hakuna anayeyasoma.

"Baba Leokadia, tangu tufike huku kila ofisi inaniuliza nimetoka wapi. Hakuna hata moja iliyoniuliza ninaishi wapi. Mume wangu nimemzika hapa. Andika Rukwa."

Alasiri hiyo nilibishana na yule kijana wa Dar kwenye simu mpaka akakubali. Jina likasajiliwa kwa Minza, mkoa Rukwa. Barua pepe ilikuwa yangu kwa kuwa yeye hakuwa nayo, na neno la siri la kufungulia akaunti nililitunza mimi. Kumbuka hilo, kwa sababu ndilo lililoniletea taabu.

Habari zilifika kijijini Kate. Baba mkubwa wako Gaspari alikuwa mwenyekiti wa wafuga nyuki wa huko, na kikundi chao kilikuwa kimeanza kuzungumzia jina la kuuzia asali. Akaja hapa dukani. Unajua mimi na kaka tulivyokuwa. Baba yetu alipofariki, yeye ndiye aliyeacha shule ili mimi nisome. Sijawahi kumpinga jambo, wala hajawahi kuniomba jambo kubwa. Hakupandisha sauti. Alisema kwamba wazee wa kikundi chake wamefuga nyuki tangu enzi za babu zao, na leo wakitaka kutumia jina la nchi yao wanaambiwa limeshachukuliwa na mtu aliyekuja juzi na ng'ombe.

Nikamwambia sheria ni kwamba anayewahi ndiye anayepata.

Akasema, "Sheria naielewa. Nimesikia wewe ndiye unayeshika neno la siri."

Nikasema neno ni la Minza, mimi namtunzia tu. Akanitazama. "Sijakwambia uibe, Deo. Nimekwambia ufikirie." Akaondoka, na chai aliyokuwa amewekewa akaiacha ikipoa.

Nataka uelewe kwamba kaka yangu alikuwa ameumia kweli. Ungekaa naye ukamsikiliza ungeona haki iliyokuwamo katika maneno yake. Na ungekaa na Minza ungeiona iliyokuwa katika maneno yake pia. Kazini kwako utakutana na watu wawili wanaotaka jina moja, na mara nyingi hakuna hata mmoja wao aliye mlaghai. Sheria itakuambia nani kawahi. Haitakuambia umtazame vipi usoni yule aliyechelewa.

Majina hayo, kama ujuavyo, huishi mwaka kwa mwaka. Usipolipia, linaachiliwa, na yeyote anaweza kulichukua. Mwaka ulipokaribia kuisha nikaanza kupata ujumbe kwenye barua pepe yangu: jina la Minza lilipiwe. Nikampigia. Simu haipatikani. Nikauliza watu wa kijiji chake, wakasema ameshuka bondeni, Ilemba, mkwe wake ana mimba inayomsumbua, na huko aliko mtandao ni wa kubahatisha.

Kaka naye alikuwa anajua tarehe. Si siri, yeyote anaweza kuitazama. Akanipigia simu, na hii ndiyo sentensi niliyoishi nayo muda mrefu. Alisema, "Safari hii sikuombi ufanye chochote. Nakuomba usifanye."

Mwanangu, hakuna ombi jepesi kuliko hilo. Nilipaswa tu kufungua duka asubuhi, kutoa fotokopi na kufunga jioni. Nilikuwa nimeshampigia Minza, hakupatikana, nani angenilaumu? Siku zikapita hivyo. Kila asubuhi nilimpigia mara moja, nikisikia haipatikani nashusha pumzi kama mtu aliyepona. Pumzi hiyo ndiyo iliyoanza kunitia wasiwasi.

Mama yako aliniona. Alikuwa anachambua maharage, wala hakuinua kichwa. Aliniuliza, "Ingekuwa simu isiyopatikana ni ya shemeji Gaspari, ungekaa hapo?"

Kesho yake nikakodi bodaboda tukashuka bondeni. Juu huku niliondoka na sweta na koti. Tulivyozidi kushuka kona za ule mlima nikavua koti, kisha sweta, na tulipofika chini shati lilikuwa limenigandama. Nikamkuta Minza uani anachemsha maji, mkwe wake amelala kivulini, tumbo limemzidi. Alishtuka kuniona, akadhani nimeleta habari ya msiba. Nikamweleza yote, ya tarehe, ya simu, na ya kaka yangu pia. Sikutaka asikie kwa mtu mwingine.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Ungenyamaza, nani angejua?"

Nikasema ningejua mimi na mke wangu. Akacheka kidogo, akanipa maziwa mgando kwenye kibuyu, akaenda kumwambia mkwe wake kwamba anapanda mjini na atarudi haraka. Tukapanda pamoja.

Hapa dukani tukalipia jina, halafu nikamfungulia barua pepe yake mwenyewe na kumwambia achague neno la siri jipya. Nikageuka nikatazama ukutani wakati anaandika, kidole kimoja, herufi kwa herufi. Ilichukua muda mrefu. Sikumbuki wakati mwingine ambapo nimesimama nikitazama ukuta nikiwa na amani kiasi kile. Tangu siku hiyo sikubali kushika neno la siri la mtu. Wewe nawe usikubali, hata akikubembeleza kwamba yeye hajui mambo hayo. Kaa naye mpaka ajue. Mtu anayekukabidhi ufunguo wake anakupa na vishawishi vyake vyote.

Kaka hakusema nami baada ya hapo. Ulipopata kipaimara uliniuliza mbona baba mkubwa hakuja, nikakuambia ana homa. Hakuwa na homa. Nilikuwa nimemchagua mgeni, kama alivyosema yeye kwa watu, na sikuwa na namna ya kumweleza kwamba sikumchagua mtu yeyote, nilishindwa tu kukaa. Nilimwandikia, sikujibiwa. Nilimtumia salamu kwa watu wa mabasi. Mwanangu, usidhani ukifanya jambo sawasawa moyo utatulia mara moja. Mimi nililala vibaya kwa kufanya sawasawa kuliko nilivyowahi kulala kwa makosa yangu.

Kilichobadilisha mambo hakikutoka kwangu. Yule mwenye duka wa Mbeya alianza kuagiza asali nyingi kuliko walivyoweza kurina wanawe Minza. Mimi nilidhani Minza ataagiza kutoka Tabora achanganye, kama wafanyavyo wengine. Yeye akapanda basi peke yake akaenda Kate, akauliza nyumba ya mwenyekiti wa wafuga nyuki.

Aliyenisimulia yaliyosemwa huko ni Gaspari mwenyewe, baadaye sana. Alisema wazee walikusanyika wakiwa wamejiandaa kugomba. Minza akawasalimu wote shikamoo, hata aliowazidi umri, akasema jina ni lake na hatalitoa. Kisha akasema, "Lakini asali yenu nayo ni ya Ufipa, na mimi sina ya kutosha. Leteni yenu tuuze pamoja." Wengine walitoka nje. Wengine walimuuliza maswali mpaka jua likashuka. Mzee mmoja alitaka kujua kwa nini hakuja mapema, naye akajibu kwamba hakuna aliyemwita.

Walianza wachache. Gaspari alikuwa wa mwisho, na hata yeye alimtuma mwanawe na ndoo, yeye akabaki nyumbani. Msimu uliofuata alikuja mwenyewe mpaka hapa dukani, akakaa kwenye kile kiti cha wateja, akaniuliza kama bado tunatumia majani yaleyale ya chai. Hakusema zaidi ya hayo. Akanywa vikombe viwili.

Kwa hiyo Leokadia, sisi tupo. Ule weupe ulionionyesha haukuwa mweupe kabisa. Ulitiwa rangi kidogo sana, na katika kidogo hicho limo jina moja ambalo mama mmoja alikataa liandikwe mahali asipoishi. Waliobaki tumetapakaa kwenye rangi ya watu wengine, kama mimi nilivyokuwa Mbeya kwa miaka miwili bila kuishi Mbeya hata siku moja.

Ukikaa kwenye meza yako utapigiwa simu na mtu wa Matai, au wa Kigoma, au wa Lindi. Sauti itakuwa ina wasiwasi, ataeleza kwa kuzunguka, na nyuma yako kutakuwa na foleni. Muulize anaishi wapi. Haitakuchukua muda. Kama mwenzako atakuambia andika anwani ya ofisi ili mambo yaende, usimgombeze, mimi niliishi hivyo miaka mingi bila kujiona mbaya. Wewe andika alipo yule mtu.

Na kuhusu wewe mwenyewe. Watakuuliza kwenu wapi, na bado wapo watakaorudi nyuma kwa utani. Sitakuambia ujibu nini. Ninajua tu kwamba nilipojibu uongo nilimpoteza mzee wa watu aliyekuwa amepotea. Lakini sikiliza na upande wa pili, maana mama yako anaogopa kuusema. Pengine utapenda huko. Pengine utaolewa huko, utajenga, na siku moja fomu itakuuliza mkoa nawe utaandika Dar es Salaam. Usidhani utakuwa umetukana. Minza hakuzaliwa hapa, na sijaona mtu aliyeandika Rukwa kwa haki kuliko yeye. Ninachokuomba ni kwamba, popote utakapopaandika, paandike kwa sababu unaishi hapo, wala si kwa sababu unaona haya kwa kwingine.

Nilitaka kuendelea, lakini nje kuna sauti. Nimechungulia dirishani. Baba mkubwa wako amefika na basi la kutoka Kate, amekuletea asali, hakutuambia kama anakuja. Na Minza naye amekuja na dumu la samli, kasema Dar hakuna samli ya kweli. Wamekaa kwenye benchi la barazani, wote wawili, wakidhani duka limefungwa na hakuna mtu ndani. Wanabishana. Gaspari anasema kifuniko kizungushiwe mpira wa baiskeli, Minza anasema mpira utanukisha samli, kifungwe kwa nailoni na kamba. Kila mmoja ameshika dumu upande wake, na hakuna anayeliachia.

Acha nifungue mlango, niwaletee kamba.

Baba yako,
Deogratias